Kidole Kinachoachia

Ukiniuliza kazi yangu nikakwambia napiga kinanda, hapa Unguja swali la pili huja kabla sijafunga mdomo: "Kundi gani?" Kinanda kwa watu wengi ni kile cha rusha roho, kinachochomekwa kwenye umeme na kupigwa na mtu aliyesimama, miwani ya jua usoni hata kama ni saa nne za usiku. Nikisema cha kanisani, mwulizaji hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama kuna mshahara. Nikiongeza kwamba napiga na hapsikodi, mazungumzo ndiyo yamekwisha. Mtu hugeuka akaagiza kahawa nyingine.

Siwalaumu. Neno lenyewe limebebeshwa mengi. Wazee waliita kinanda chombo cha nyuzi cha kupakatwa. Gramafoni ilipokuja wakaiita kinanda nayo. Na piano, na ogani, na hamoniamu, vyote vinanda. Mimi vya kwangu ni hamoniamu, ogani na hapsikodi. Nimevipiga zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna jambo moja ninaloweza kusema nalijua, basi ni namna ya kidole kuachia. Kubonyeza kila mtu anaweza, hata paka.

Piano ukiigonga kwa nguvu hulia kwa nguvu, ukiigusa taratibu hulia taratibu. Ogani haijali. Ubonyeze kwa hasira, ubonyeze kwa huruma, upepo unaoingia kwenye bomba ni ule ule na sauti ni ile ile. Hapsikodi vivyo hivyo: ndani yake kuna kijiti kinachopanda na kudonoa waya, na kinadonoa kwa nguvu moja siku zote. Sasa mpigaji ataonyesha vipi hisia? Amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni wakati: noti ianze lini, ikome lini. Kwenye ogani sauti huishi maadamu kidole kiko chini, na hufa pale pale kinapoinuka. Ukichelewa kuinua, noti hupandana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili. Ukiwahi, wimbo unakuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.

Haya nayasema leo kwa urahisi. Kuyajua kulinichukua miaka, na mwalimu wangu wa kwanza ilikuwa ni noti iliyogoma kunyamaza.

Nimezaliwa Mbweni mwaka 1978. Mbweni ni pale ambapo wamisionari wa UMCA, chama cha Kianglikana, walianzisha kijiji miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema sisi ni watu wa Mbweni, basi. Ukimuuliza kabla ya hapo tulitoka wapi, alikupa ungo wa mchele uchague. Kanisani kulikuwa na hamoniamu ya zamani, ya kupigwa kwa mikono huku miguu inakanyaga pedali mbili za kuvuta upepo. Ndani yake hamna bomba hata moja. Mna safu za ndimi za shaba, nyembamba, kila ulimi na noti yake, na upepo ukipita ulimi hutetema.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mzee mkavu, mfanyakazi wa bandarini aliyestaafu, aliyejua solfa, yaani do-re-mi-fa, kama mpishi anavyojua chumvi. Alinichukua nikiwa na miaka tisa kwa sababu nilikuwa na miguu mirefu. Hakuwa na sababu nyingine. Watoto wenzangu walikuwa na masikio mazuri kuliko mimi, lakini miguu haikufika pedali.

Mwaka 1992, nina miaka kumi na minne, masika yamekolea, tukawa na maziko ya mama mmoja aliyependwa na kijiji kizima. Mzee aliniachia kiti siku hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya kanisa limejaa. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Ubeti wa pili, katikati, nikainua kidole kutoka kwenye fa na fa ikaendelea kulia. Nikabonyeza tena, nikaachia tena. Fa iko pale pale. Unyevu wa masika ulikuwa umevimbisha mbao, kibonyezo kimeganda chini hakirudi. Watu wanaimba, mimi nabadilisha mseto wa sauti, na kila mseto una fa ndani yake, inatakiwa haitakiwi. Nikaona bora niache kukanyaga pedali, sauti zote zife. Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe, maana hamoniamu haifi mara moja; ina mivukuto iliyojaa upepo. Noti nyingine zote zimekoma na fa imebaki peke yake, inashuka taratibu na kuyumba, kama mbuzi anayelia nyuma ya nyumba. Nikasikia mtoto anacheka, kisha kofi.

Mzee akaja kutoka upande wa besi huku anaimba. Hakunitazama. Akapenyeza ukucha chini ya kibonyezo cha fa, akakiinua, akabaki amekishikilia hivyo hivyo mpaka wimbo ukamalizika, yeye anaimba besi na mimi nakanyaga. Kila fa ilipohitajika alikibonyeza mwenyewe kisha akakinyanyua. Beti nne. Baada ya maziko aliniambia neno moja tu: "Umesikia?" Nikadhani ananiuliza kama nimesikia aibu. Nikamjibu ndiyo, mzee.

Miaka mingi baadaye nilifahamu alichokuwa akiniuliza. Alitaka nisikie namna alivyokuwa akiinyanyua ile fa.

Nilipofika miaka ishirini nilianza kushinda mjini. Mbweni na Mji Mkongwe si mbali, lakini kwa mtu wa muziki ni kama kuvuka bahari. Kule kwaya, huku taarabu. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na husimuliwa kwamba kabla ya hapo Sultani Barghash alimpeleka kijana Misri akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi cha kupakatwa na kudonolewa, naye aliporudi ndiye aliyewapandishia vijana wa mjini homa ya taarabu. Mimi nilikwenda kwenye mazoezi ya kikundi kimoja kwa ajili ya akodiani. Walikuwa wanatafuta mtu. Nikapewa kazi ya kukaa kimya. Kweli. Mwezi mzima nilikaa na akodiani mapajani, imefungwa, nikisikiliza.

Aliyekuwa jirani yangu ni mpiga kanuni, mzee wa makamo, amevaa pete za chuma kwenye vidole vyote viwili vya shahada, na ndani ya kila pete kipande cha pembe cha kudonolea. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila noti, na ukiudonoa uzi hauna kidude cha kuunyamazisha. Unaendelea kulia mpaka uchoke. Kwa hiyo yule mzee alikuwa anafanya kazi mbili: anadonoa kwa ncha na ananyamazisha kwa ubavu wa kiganja. Nilimtazama usoni wiki ya kwanza, wiki ya pili nikamtazama mikono, wiki ya tatu nikamtazama kiganja peke yake. Nikaona kwamba utamu wote wa yule bwana ulikuwa kwenye kiganja.

Huko pia nilijifunza unyenyekevu wa robo sauti. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti na bayati zina noti zinazokaa kati ya vibonyezo viwili, na akodiani yangu hizo haina. Wimbo ukiingia kwenye bayati, wewe wa akodiani ama unajua pa kukaa kando, ama unawaharibia watu. Wapiga vinanda wengi hawapendi kuambiwa chombo chao hakitoshi. Ni vyema wakaambiwa mapema.

Nitapita haraka jinsi nilivyopata nafasi ya kusoma Ujerumani, maana ni habari ya barua na foleni za viza. Niliondoka mwaka 2003 na koti la kuazima. Nilikwenda kusomea ogani.

Mtu aliyezoea hamoniamu akikaa mbele ya ogani ya mabomba kwa mara ya kwanza huhisi kama amepewa meli aendeshe. Safu tatu za vibonyezo vya mikono, safu nyingine ya pedali za miguu yenye noti zake kamili, vishikio vya kuvuta pande zote mbili vya kuchagulia sauti. Bomba dogo lina urefu wa kalamu. Lile la kawaida la besi lina mita 2.4 hivi, na yapo yanayopita mita tano. Nilifundishwa pia kwamba ogani ya kwanza inayojulikana ilitengenezwa Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aitwaye Ktesibios, aliyetumia maji kusawazisha mgandamizo wa upepo. Hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Baridi ya Januari, mtu mweusi peke yangu darasani, nikajisemea kumbe mwenyeji hapa ni mimi.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, sketi ndefu, viatu vyembamba vya kupigia pedali. Nilimpigia kipande cha Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, nilichokifanyia mazoezi miezi mitatu. Kanisa lile lilikuwa la mawe, kubwa, sauti ikitoka inazunguka humo ndani sekunde tano kabla ya kufa. Nilipomaliza alisubiri mwangwi wote uishe. Kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole, ili tuelewane: unajua kubonyeza, kuachia utaanza lini? Akaniketisha pembeni, akapiga mistari ile ile minne. Noti ni zile zile, mwendo ni ule ule, lakini sasa maneno yalikuwa yanasikika, kama mtu aliyekuwa na uji mdomoni ameumeza.

Mwaka mzima wa kwanza tulishughulika na hilo tu. Noti, pumzi, noti, pumzi. Pumzi fupi kabla ya noti nzito, ndefu zaidi kabla ya noti ya kituo. Nilichukia. Nilikuwa nikitoka pale najiona nimetoka mbali kujifunza kuinua kidole.

Alinipeleka kwenye hapsikodi ili anitibu. Kwenye ogani, alisema, mwangwi unakuficha. Huku hakuna pa kujificha. Hapsikodi sauti yake ni kavu, ya karibu. Ukibonyeza, kijiti hupanda na kikucha kidogo kilicho ubavuni mwake hudonoa waya. Ukiachia, kijiti hushuka na kipande cha kitambaa kilicho juu yake huukalia waya, sauti ikafa. Sikiliza vizuri utasikia hata kule kushuka: mlio mdogo, *tik*, kama mjusi ukutani. Mwanafunzi anayeachia ovyo husikika *tik-tik-tiki* bila mpango. Nilipousikia mlio huo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka yule mzee wa kanuni na kiganja chake, na nikamkumbuka mzee wa Mbweni na ukucha wake, vyote kwa pamoja. Nililia kidogo. Mama yule akadhani nimekumbuka nyumbani, akanipa biskuti.

Nilirudi Juni 2008. Nilitua kisiwani, mji uko gizani, maana waya wa umeme wa baharini uliharibika mwishoni mwa Mei na Unguja nzima ikakaa karibu mwezi mmoja bila umeme. Nilikuja na kasha moja kubwa kuliko mimi, na ndani yake spineti, yaani hapsikodi ndogo, ya noti 49 na waya mmoja kwa kila noti, niliyoiunga mwenyewe kwa vipande nilivyonunua kwa akiba ya kufanya kazi jikoni. Ndugu zangu walitarajia jokofu. Usiku ule, kwa taa ya chemni, nikaifungua ukumbini, nikaituni, nikapiga. Majirani wakaja mmoja mmoja. Mji mzima vinanda vimelala kwa kukosa umeme, na hiki kimesimama kwa miguu yake kinalia. Nadhani hiyo ndiyo siku pekee spineti yangu imewahi kuwa chombo cha kisasa kuliko vyote mjini.

Umeme ulikatika tena Desemba 2009, safari hii miezi mitatu. Krismasi ile tulirudi kwenye hamoniamu, na miguu yangu mirefu ikapata kazi yake ya zamani.

Sasa niseme ukweli wa riziki, kwa sababu vijana huniuliza. Kazi hii haimlishi mtu kwa mkupuo. Humlisha kwa kudonoa. Jumapili kanisani ni posho. Arusi hulipa vizuri lakini hazina ratiba. Nilipiga piano kwenye ukumbi wa hoteli, nyimbo zile zile, wageni wanaongea. Kuna taasisi moja, jina niliache, ilinichukua nifundishe madarasa matatu kwa wiki, na miezi minne mshahara ukawa ni "wiki ijayo". Wiki hiyo bado haijafika. Kilichoniweka mjini ni wanafunzi wa nyumbani, na mwamko ulioletwa na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kile ambacho watu hukiita DCMA. Tangu kifunguliwe mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzazi wa hapa hashangai tena mtoto akisema anakwenda kusoma noti.

Halafu kuna hali ya hewa, adui asiyepatanika. Waya za spineti hupata kutu kwa hewa ya chumvi. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika, zikakauka kaskazi ikivuma. Ujerumani nilituni mara moja kwa wiki. Hapa natuni kila asubuhi kabla ya mwanafunzi wa kwanza, noti zote 49, na ufunguo wangu umechonga sugu kwenye kiganja.

Vikucha vya plastiki vilivyokuja na spineti vilianza kukatika mwaka wa pili, na kuagiza vingine kulikuwa na gharama kuliko mwanafunzi mmoja kwa muhula. Hapo nikakumbuka kwamba mafundi wa zamani walitumia unyoya wa kunguru. Kunguru! Zanzibar ukikosa vyote hukosi kunguru. Hawa weusi wa Kihindi waliletwa mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, wakala taka, wakala vifaranga, wakala na mayai ya ndege wetu. Nikaanza kuokota manyoya Darajani nyuma ya soko. Unachagua unyoya wa bawa, unakata sehemu ya juu ya mpini palipo pagumu, unauacha ukauke, unachonga ulimi mwembamba wenye upana wa punje ya mtama, unaupenyeza kwenye tundu la kijiti, kisha unaupunguza kwa wembe juu ya kibao kidogo, unajaribu, unapunguza tena. Ukiacha nene, waya unabweka. Ukizidisha kupunguza, unanong'ona, na huna njia ya kurudisha. Inatakiwa kupakwa mafuta ili usivunjike. Nikapaka ya nazi, tunayo. Asubuhi nikakuta sisimizi wamejipanga kuanzia mguu wa meza mpaka noti ya juu. Sasa napaka ya zaituni, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno.

Habari zikaenea mtaani. Watoto wakawa wananiletea manyoya kila Jumamosi kwa peremende moja moja. Nusu yake ni ya kuku.

Binti mmoja wa Kikwajuni alikuja kwa njia hiyo, na manyoya mawili mazuri, ya kunguru kweli. Miaka kumi na moja. Akauliza ya nini, nikamwonyesha, akaomba kujaribu. Wiki iliyofuata akaja na bibi yake.

"Hodi hapa."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi. Karibu kitako."

"Kitako nitakaa. Kwanza nikione hicho kinanda. Mjukuu wangu hajifunzi mambo ya kanisani, nakwambia mapema tusije tukakoseana heshima."

Nikamfunulia. Akavua miwani, akaivaa tena, akabonyeza noti moja kwa kidole cha shahada kilichopakwa hina. Waya ukalia. Akabonyeza nyingine. Akaniangalia kama niliyemfanyia utani.

"Eeh! Mbona hii kanuni? Kanuni mmeitia sandukuni!"

Alikuwa, kumbe, mtu wa kwenda Raha Leo ujanani kusikiliza taarabu, na alijua kanuni kuliko wanafunzi wangu wote. Akataka kuona ndani. Nikatoa kijiti kimoja nikamwekea kiganjani. Akauliza kile kijiuzi kidogo cha nyuma ni nini, kinachorudisha ulimi mahali pake. "Mshipi wa kuvulia, bibi." Na kweli ni mshipi. Hapsikodi za kale huko Ulaya zilitumia singa za nguruwe mahali pale, na siku ile nilimshukuru Mungu kwamba mimi nilitia mshipi.

Yule binti ndiye mwanafunzi aliyenifundisha kufundisha. Wengine wote, watu wazima na watoto, huachia vibaya mwanzoni. Wanaganda, wanaburuta, wanang'oa kidole kama kimeungua. Huwa nawawekea sarafu ya shilingi hamsini mgongoni mwa kiganja isidondoke. Huwa nawakaririsha mstari wa mizani kumi na sita, *Mvuvi katia nanga, bahari imetulia*, ili wasikie namna ukwapi, nusu ya kwanza, unavyokoma na utao, nusu ya pili, unavyoanza, na pumzi iliyopo pale kati bila mtu kuiandika. Yeye sikuhitaji kumwambia. Alikuwa amesoma Kurani chuoni kwa maalimu mkali, na anajua tangu ana miaka sita pa kuvuta, pa kukata na pa kusimama. Nilimuuliza amejuaje kwamba noti ile ikome hapo. Akanijibu kama anayemweleza mdogo wake: "Ukipitiliza, maana inabadilika."

Mwanafunzi mmoja mtu mzima, hodari kwa vidole, alikuwa akikosea noti anasimama anarudi mwanzo. Nilimpeleka Kanisa Kuu la Mkunazini, lile lililojengwa kuanzia 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, nikamwonyesha nguzo zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyelijenga, alikuwa safarini mafundi walipozisimamisha, akarudi akazikuta hivyo, akaziacha. Yule bwana alizitazama muda mrefu, akacheka, na somo lililofuata akasimama tena palepale alipokosea akarudi mwanzo. Si kila dawa inamfaa kila mtu.

Wanafunzi wachanga mimi huwasimulia habari ya Bach kwenda kwa miguu mji wa Lübeck mwaka 1705 kumsikiliza mpiga ogani Buxtehude, kilomita mia nne hivi, karibu mara tano ya urefu wa kisiwa chetu kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Aliomba ruhusa ya wiki nne kazini, akakaa kama miezi minne. Wanachopenda ni kwamba aliporudi alisomewa mashtaka.

Binti wa Kikwajuni nilikaa naye miaka sita. Nilishampangia maisha: angesoma nje kama mimi, angerudi, angerithi spineti. Siku moja akaja, hakukaa kwenye kiti, akasema, "Mwalimu, nataka kwenda kwenye kanuni." Nilimpa sababu tisa za kubaki. Nilisema maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kuyafuta, pamoja na moja kuhusu muda wangu aliokuwa ameula. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, macho chini. Kisha akafunika vibonyezo kwa kitambaa, kama nilivyomfundisha, akasema nashukuru mwalimu, akatoka. Mwaka mzima sikumuona.

Bibi yake ndiye aliyenitafuta. Alinikuta Darajani naokota manyoya. Akaniambia Jumamosi kuna arusi, mjukuu wake anapiga, nisikose. Sikukosa. Nilikaa nyuma karibu na vyungu. Kanuni ilikuwa mapajani mwake, pete vidoleni, na nyimbo zilikuwa zile zile ninazozijua. Nikafumba macho nikatafuta kiganja. Alikuwa akikikalisha juu ya nyuzi kabla ya kila kituo, sekunde ndogo tu, na wale kina mama waliokuwa wakitunza walikuwa wanaingia na vigelegele ndani ya ule upenyo, sawia, bila wao wenyewe kujua nani amewafungulia mlango.

Siku hizi yuko Wete, Pemba, anafundisha skuli na jioni ana wanafunzi wake watano wa muziki. Mwezi uliopita alinipigia simu amechoka.

"Mwalimu, nina mtoto mmoja hapa haachii noti hata umfanye nini. Mvuvi katia nanga nimemwambia, sarafu nimemwekea, kaitia mfukoni. Anasema wavuvi wa kwao wanavua usiku, hawatii nanga."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamuuliza mtoto ana miaka mingapi.

"Minane."

"Na sasa hivi yuko wapi?"

"Yuko hapa, bado kashikilia fa."

"Mwache mpaka kesho," nikamwambia, na nyuma yake nikaisikia kwa simu, ndefu, haina dalili ya kuisha.